Kulenga si kufuma

Kijana wa Lulindi, kusini mwa Tanzania, anayejifunza upinde kwa gunia lililoshindiliwa matambara chini ya mkorosho huweza kulenga tangu siku ya kwanza. Kufuma ndiko kunakomchelewesha. Kulenga ni kuelekeza. Kufuma ni mshale kufika na kuchoma.

Mjini neno hili limebaki kwa wanaofuma vitambaa na sweta. Nduguye, fumania, amehamia kurasa za udaku, kana kwamba mawindo yote ya dunia yamo vyumbani! Anayefumaniwa ni aliyefikiwa ghafla, kama paa asiyemsikia mwindaji. Na fumo ni mkuki wa bapa pana, tena ni cheo: Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini ya Kenya. Masimulizi yanasema alipochomwa na mwanawe alikufa kisimani upinde ukiwa mkononi, watu wakaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Maiti alikuwa analenga tu, hakufuma mtu.

Mwanagenzi wa upinde aanzie hatua kumi kutoka kwenye gunia. Asimame vilevile kila mara, avute upote hadi palepale shavuni, aachie vidole bila kutikisa mkono ulioshika upinde. Gunia lisogezwe mbali akishafuma, si kabla. Paa wa kweli ni habari nyingine: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya 2009 inataka kibali cha kuwinda, na mwenye upinde hakusamehewa.