Kurudishwa kwa Magari: Walijua Lini?

Mpenzi msomaji, bila ya shaka umepata kusikia khabari kama hii: kiwanda fulani cha motokaa, Marekani au Japani, kimewaita wateja wake wayarudishe magari waliyoyanunua, malaki kwa malaki, kwa sababu ya kipande kimoja kidogo kilichoonekana kina kasoro. Watu wakishaisikia khabari hiyo hugawanyika makundi mawili. Wa kwanza husema, "Gari hizo mbovu, usizinunue." Wa pili husema, "La, hao ndio waaminifu, wamekiri kosa lao." Makundi yote mawili yanahukumu upesi mno. Kule kuita peke yake hakukwambii mengi juu ya mwenye kiwanda. Gari ina vipande maelfu, vimetoka katika mikono na mashine za wanaadamu, na kimoja kuwa na ila si ajabu. Liulizwalo ni jengine: aliijua lini ila ile, na baina ya siku aliyoijua na siku aliyoisema, alikuwa akifanya nini?

Mas-ala haya si mageni kwa aliyesoma mlango wa biashara katika vitabu vya fiqhi. Unajua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono wake ndani ya chungu ya nafaka, vidole vikakuta majimaji. Mwenye nafaka akatoa udhuru kuwa ilinyeshewa. Angalia vizuri alilolaumiwa mtu yule. Hakuulizwa kwa nini mvua ilinyesha. Aliulizwa kwa nini ile iliyorowa hakuiweka juu watu wakaiona.

Mpaka mwaka 1966, Marekani hapakuwa na sheria ya nchi nzima iliyomlazimisha mtengenezaji kuwatangazia wanunuzi kasoro ya gari. Mwaka 1965 mwanasheria kijana, Ralph Nader, alitoa kitabu cha kuwashitaki watengenezaji kuwa wanauza hatari huku wakiijua, na mlango wake wa kwanza ulikuwa juu ya gari ya Corvair ya kampuni ya General Motors. Kampuni ikajibu kwa kuajiri wapelelezi wamfuate, watafute aibu katika maisha yake. Mambo yakafichuka, na Machi 1966 rais wa kampuni hiyo, James Roche, akalazimika kuomba radhi mbele ya kamati ya Seneti. Septemba mwaka ule ule Rais Johnson akatia sahihi sheria ya usalama wa magari. Hata hivyo sheria ile ilidai kutangaza tu. Wajibu wa kutengeneza bila ya malipo ulikuja mwaka 1974. Ukiwa na haraka ya kuwasifu, kumbuka kuwa fiqhi ilikwisha kumpa mnunuzi haki ya kurudisha kitu chenye aibu ya zamani, hata kama muuzaji mwenyewe hakuijua.

Sasa tuitazame Pinto, kwani ndiyo inayotajwa kuliko zote. Kampuni ya Ford iliitoa mwaka 1970. Gari ndogo za Kijerumani na za Kijapani zilikuwa zimeanza kuinyang'anya soko, na Lee Iacocca, mmoja wa wakubwa wa kampuni, alitaka gari isiyozidi ratili 2,000 kwa uzito wala dola 2,000 kwa bei. Tangi la petroli likawekwa nyuma ya ekseli, karibu na bampa. Gari ikigongwa kwa nyuma, tangi lilisukumwa mbele likakutana na boliti zilizotokeza, likatoboka, petroli ikamwagika, na cheche moja ikatosha. Kampuni iliyagonga magari ya majaribio kabla ya kuuza, na matangi yakavuja. Mahakama ya rufaa ya California, katika hukumu yake ya mwaka 1981, ilieleza kuwa marekebisho ya jumla ya dola 15 na senti 30 kwa gari moja yangelifanya tangi lihimili pigo kubwa zaidi kwa mbali. Kesi hiyo ilihusu ajali ya mwaka 1972, ambapo mama mmoja aliyekuwa akiendesha alikufa kwa moto na kijana wa miaka 13 aliyekuwa naye akaungua vibaya mno.

Magari hayakuitwa mwaka 1972. Hayakuitwa 1974 wala 1976. Mwaka 1977 gazeti la Mother Jones likachapa makala ya Mark Dowie juu ya jambo hilo, Februari 1978 baraza la wazee wa mahakama likaamuru faini ya dola milioni 125 katika kesi ile (hakimu akaipunguza ikawa milioni tatu na nusu), na Juni 1978 ndipo kampuni ilipoyaita magari milioni moja na nusu. Dawa yenyewe ilikuwa ni kinga ya plastiki ya kuligawa tangi na zile boliti, na shingo ndefu zaidi ya mdomo wa kujazia petroli. Ndiyo hiyo iliyongojewa miaka minane.

Hapa niruhusu nikusimamishe kidogo, msomaji. Katika khabari za Pinto husimuliwa waraka wa siri ambamo kampuni ilipiga hesabu kuwa ni rahisi kuwalipa waliokufa kuliko kuitengeneza gari. Waraka upo, ni wa mwaka 1973, na unatisha kuusoma: dola 11 kwa kila gari, jumla dola milioni 137, dhidi ya maiti 180 kwa dola 200,000 kila mmoja na majeruhi 180 kwa dola 67,000. Lakini haukuwa wa siri, wala haukuwa juu ya Pinto. Ulipelekwa kwa serikali, ulihusu magari yote ya nchi yanapopinduka, na ile bei ya roho ya mtu ilitoka serikalini kwenyewe. Hali kadhalika makala ya 1977 yalitaja vifo mia tano na zaidi, na serikali ilipohesabu ikapata 27 vilivyotokana na moto wa kugongwa nyuma. Nayasema haya kwa kuwa hata aliyekosa hazuliwi asilolitenda, na kwa kuwa kosa la kweli halihitaji kutiwa chumvi. Kujua kuwa tangi linavuja, na kulinyamazia, kunatosha.

Ila Pinto ni kisa cha wakati sheria ilipokuwa changa. Utasema, siku hizi mambo yametengenea. Basi njoo tuutazame ufunguo.

Mwaka 2002 mhandisi wa General Motors aliipitisha swichi ya kuwashia gari hali akijua kuwa haifikii kipimo walichokiweka wenyewe. Ilikuwa laini mno. Gari ikipita shimoni, au goti la dereva likigusa shada la funguo, ufunguo ulirudi wenyewe. Injini ikazimika katikati ya mwendo, usukani na breki zikawa nzito, na mifuko ya hewa, ile inayochomoza kumkinga dereva asijigonge, ikakosa umeme wa kufunguka. Gari ya Chevrolet Cobalt ilipoingia sokoni malalamiko yakaanza mara moja. Mwaka 2005 wahandisi wakapendekeza kubadilisha, wakaambiwa gharama hailingani na faida. Kilichofanyika ni kupelekwa waraka kwa mawakala, wawashauri wateja wapunguze uzito wa funguo zao. Fikiri, msomaji: mtu amenunua gari mpya, na dawa anayopewa ni kupunguza funguo za nyumba yake.

Kisha likaja lililo baya zaidi. Mwaka 2006 swichi ilibadilishwa ikafanywa ngumu kidogo, lakini nambari ya kipande ikaachwa ile ile. Katika kazi ya viwanda nambari ya kipande ndiyo jina lake; ukikibadilisha kipande unabadilisha nambari, ili kila fundi ajue kipi ni kipi. Kwa nambari ile moja, kila aliyechunguza baadaye alikuta ajali katika magari ya zamani na salama katika mapya, asione tofauti katika makaratasi. Iliyofichua ni kesi ya wazazi wa Georgia waliofiwa na binti yao. Mhandisi aliyeajiriwa na wakili wao alinunua swichi mpya, akaifungua akaiweka kando ya ile ya zamani, akaona kwa macho yake kuwa si sawa. Wito ukatoka Februari 2014, ukaishia magari milioni mbili na laki sita. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124, na mwaka 2015 kampuni ikalipa serikali dola milioni 900.

Ripoti iliyoandikwa na Anton Valukas kwa agizo la kampuni yenyewe, Juni 2014, ina jambo dogo ambalo mimi naliona zito kuliko faini. Ilieleza kuwa wakubwa walikuwa wakikaa kikao, wote wakiitikia kwa kichwa kuwa lazima jambo lifanywe, kisha wakatoka na asiwepo aliyekusudia kulifanya. Hapo hapana mwovu mmoja wa kumnyooshea kidole. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha khabari, na kila mmoja alidhani amana iko kwa mwenziwe.

Usidhani kuwa hii ni tabia ya Wamarekani peke yao. Toyota ilipoanza kuuza gari za kifakhari za Lexus huko Marekani mwaka 1989, zilikuja lalama mbili tu, juu ya nyaya na taa ya breki iliyopata joto. Kampuni ikayaita magari yote yaliyokwisha kuuzwa, kiasi cha 8,000, na kazi ikamalizwa kwa siku 20. Mafundi walikwenda majumbani kwa watu, na magari yakarudishwa yameoshwa, tangi limejaa. Wito ule uliijenga heshima ya jina lile. Lakini ni kampuni hiyo hiyo ambayo Machi 2014 ilikubali kulipa dola bilioni moja na milioni mia mbili, baada ya kukiri kuwa iliwapotosha wanunuzi juu ya mazulia na pedali zilizokwamisha gari ziende mbio. Jina lile lile, miaka 25 baadaye. Kwa hivyo anayenunua kwa kutegemea jina la mtengenezaji ameshika kitu kisichotosha.

Kisa cha mwisho kinatugusa sisi wa pwani. Takata ilikuwa kampuni ya Kijapani iliyotengeneza mikanda na mifuko ya hewa kwa takriban watengenezaji wote wakubwa. Mfuko hujazwa na baruti iliyomo ndani ya kopo la chuma. Takata ilitumia ammonium nitrate, ambayo ni rahisi, lakini joto na unyevu wa miaka huiharibu. Hapo hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, kopo likapasuka, na vipande vya chuma vikamrukia dereva usoni na shingoni. Mwaka 2004 kopo lilipasuka Alabama, ikasemwa ni bahati mbaya ya mara moja. Wito wa kwanza, wa Honda, ulikuja Novemba 2008, nao ulikuwa wa magari 4,000 tu. Ulipokwisha kutanuka, Marekani peke yake yalihesabiwa makopo kiasi cha milioni 67. Mwaka 2017 Takata ikakiri mahakamani kuwa kwa miaka mingi iliwapelekea wateja wake ripoti za majaribio zilizoghushiwa, na mwaka huo huo ikafilisika. Waliokufa Marekani wamepindukia 25, na wengine walikufa Malaysia, nchi ya joto na unyevu kama hii yetu.

Ndiyo maana Florida na Hawaii zilitangulizwa mbele katika kubadilishiwa. Na gari zilizotumika Japani zinazoshushwa Mombasa na Dar es Salaam zimo katika aina zilizoitwa. Japani kwenyewe, tangu Mei 2018, gari ambayo kopo lake la hatari halijabadilishwa hunyimwa cheti cha ukaguzi. Barua ya wito huandikiwa mwenye gari aliyesajiliwa kule; haivuki bahari kumfuata mnunuzi wa tatu Malindi au Tanga. Lakini nambari ya chesisi inavuka pamoja na gari. Watengenezaji wa Kijapani wameweka katika intaneti mahali pa kuandika nambari hiyo ukajua kama gari iliitwa, na kama ilitengenezwa. Kijana wa nyumbani mwenye simu anaweza kukufanyia kabla hujatoa arubuni.

Linabaki swali la muuzaji wa hapa, ambaye hakuitengeneza gari wala hakuighushi ripoti. Akijua kuwa gari iliitwa na haikutengenezwa, anauza chungu ya nafaka iliyorowa, na mvua yake ilinyesha Japani. Mafaqihi wa madhehebu yetu ya Shafi wamekwenda mbali zaidi: hata asiyekuwa na hisa katika biashara, akiijua aibu ya kitu, yampasa kumweleza mnunuzi. Dalali yumo katika hukumu hiyo, na fundi aliyeikata waya ya taa ya mfuko wa hewa ili isiwake siku ya kuonyesha gari.