Maktaba ya Msitu: Maandishi na Takwimu za Epulu katika Historia ya Ituri

Makala haya yanachunguza safari ya maandishi na takwimu zilizokusanywa Epulu, katika teritori ya Mambasa, mkoani Ituri. Hoja yetu ni kwamba kuhifadhi maarifa na kuyashiriki ni kazi mbili mbalimbali. Historia ya Epulu inaonyesha jinsi kazi ya kwanza ilivyotimizwa kwa gharama kubwa, huku ya pili ikiwa bado deni la maktaba zetu.

Tuanze na maandishi. Padri Paul Schebesta wa Austria aliingia katika msitu wa Ituri mwaka 1929 kuwachunguza Wambuti. Katika miaka ya 1930 Mmarekani Patrick Putnam alijenga kituo chake kando ya mto Epulu, akakaa huko hadi kifo chake mwaka 1953. Mwingereza Colin Turnbull alifika kwa mara ya kwanza mwaka 1951. Kitabu chake, The Forest People (1961), kikaja kusomeshwa katika vyuo vikuu vingi vya ng'ambo. Naye Joseph Towles, Mmarekani mweusi, aliandika tasnifu ya uzamivu kuhusu Wambo wa Ituri na kuiwasilisha Makerere mwaka 1979.

Karatasi za watafiti hao ziko wapi leo? Za Putnam zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard, na za Turnbull na Towles zimo Charleston, katika jimbo la Carolina ya Kusini. Zimetunzwa vyema, jambo ambalo ni la kushukuru. Lakini mwanafunzi wa Bunia anayetaka kujua babu zake walisema nini mbele ya wageni hao hana budi kuvuka bahari. Vitabu vyenyewe navyo vingi vimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali yeye hufundishwa kwa Kifaransa na huzungumza Kiswahili sokoni.

Aina ya pili ya maarifa ni takwimu. Mwaka 1994, miaka miwili baada ya kuanzishwa kwa Hifadhi ya Okapi, watafiti walipima viwanja vinne vya hekta 10 kila kimoja: viwili Edoro, penye msitu wa miti mchanganyiko, na viwili Lenda, panapotawala mti wa mbau. Kila shina lenye kipenyo cha sentimita 1 au zaidi lilipewa namba, likatajwa spishi yake na kuonyeshwa mahali pake kwenye ramani. Hesabu ya namna hii hutoa mamia ya maelfu ya mashina. Kulinganisha sensa moja na nyingine, ili kujua mti upi umekua na upi umekufa, ni kazi isiyowezekana pasipo kompyuta. Kwa hiyo kompyuta za Epulu zilikuwa sehemu ya maktaba ya msitu, sawa na sampuli za mimea iliyokaushwa.

Vita vilipofika, maktaba hiyo ilikuwa hatarini. Mtaalamu wa mimea Corneille Ewango alibaki Epulu wenzake wengi walipoondoka, akaficha sampuli, vifaa na takwimu zisiporwe. Kwa ushujaa huo alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2005. Hata hivyo amani haikudumu: tarehe 24 Juni 2012 waasi walishambulia Epulu, wakaua watu, wakachoma majengo na kuangamiza okapi waliofugwa kituoni.

Funzo la matukio haya ni dhahiri. Maarifa yenye nakala moja hutegemea ushujaa wa mtu mmoja. Yenye nakala nyingi hutegemea utaratibu, na utaratibu huo ndio kazi ya maktaba ya chuo kikuu. Katika vyuo vingi vya Kongo, mwanafunzi husoma hasa silabi anayoiandaa mwalimu. Pale ambapo vitabu ni vichache, silabi hugeuka kuwa maktaba nzima, nayo huishia pale alipoishia mwalimu.

Njia za kutoka hapo zipo. Tangu mwaka 2002, mipango inayojulikana leo kwa jina la Research4Life imeziwezesha taasisi za nchi maskini, Kongo ikiwemo, kusoma majarida ya kitaalamu bila malipo au kwa bei nafuu. Programu huria za takwimu, kama vile R, hazidai leseni. Kinachohitajika ni umeme, mtandao wa uhakika, na mkutubi anayejua kumwongoza mwanafunzi kutoka kwenye orodha ya vitabu hadi kwenye jedwali la takwimu. Aidha, maktaba hazina budi kuomba nakala za karatasi zilizoko ng'ambo, na kuziandalia muhtasari kwa Kifaransa na Kiswahili.

Wambuti na wanavijiji wa Mambasa ndio waliowaongoza watafiti msituni na kuwatajia majina ya miti. Majina hayo yaliingia katika madaftari, kisha katika kompyuta, kisha katika majarida. Yaliyofichwa wakati wa vita yalifichwa ili yasomwe. Na msomaji mwenye haki ya kwanza ni mtoto wa yule aliyeyataja.