Jinsi Mshindi Anavyohesabiwa

Katika Usukuma mashindano si jambo geni. Wazee wetu husimulia ya kuwa katika karne ya 19 walikuwako waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindania sifa ya dawa zao. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wa Gumha wakaitwa Bagalu. Hata leo sisi tukaao Ilemela, tukiifuata barabara ya Musoma mpaka Kisesa, twawakuta huko Bujora katika sikukuu ya Bulabo, mwezi wa Juni, wakicheza pande mbili kwa wakati mmoja. Hapo hapana mwamuzi mwenye kalamu. Watazamaji huenda na kurudi wapendavyo, na upande uliovuta watu wengi zaidi ndio ulioshinda. Kwa sababu hiyo wachezaji hawatosheki na kupiga ngoma vizuri. Huleta hata chatu uwanjani, ili watu wavutwe na ajabu hiyo.

Basi vijana wetu wanaojifunza kompyuta walipotuuliza jinsi mashindano ya kutunga programu yanavyohesabiwa, tuliukumbuka uwanja ule.

Mashindano ya vyuo vikuu yaitwayo ICPC yalianza Texas, Marekani, mwaka 1970. Kila kundi lina watu watatu na kompyuta moja, nalo hupewa saa tano. Programu ikiletwa hujaribiwa kwa mashine. Ama ni sahihi ama si sahihi, wala hapana nusu. Waliomaliza maswali mengi hutangulia. Makundi mawili yakilingana, hutazamwa dakika. Swali lililomalizika katika dakika ya 50, baada ya kukosa mara mbili, huongezewa dakika 20 kwa kila kosa, hata zikawa 90. Wenye jumla ndogo ndio walio mbele. Lakini makosa ya swali lisilomalizika hayahesabiwi kabisa.

Mashindano ya wanafunzi wa sekondari, yaitwayo IOI, yaliyoanza Bulgaria mwaka 1989, yana desturi nyingine. Kila mtu hushindana peke yake, na kazi isiyokamilika yaweza kupata sehemu ya alama. Mwisho wake karibu nusu ya washindani wote hupewa medali.

Twaona basi ya kuwa kila hesabu ina mafunzo yake. Ya vyuo vikuu hufundisha wepesi pamoja na uangalifu. Ya wanafunzi hufundisha kutoacha kazi ngumu njiani. Na ya Bujora hufundisha kuijua mioyo ya watu.

Neno hili latuhusu sana sisi waalimu. Mwezi wa Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza orodha ya shule bora na wanafunzi bora. Alama zilibaki, kupangwa ndiko kulikoondolewa. Twawajua wenzetu waliosikitika, kwa kuwa orodha ile ilikuwa furaha ya shule zao. Lakini kupima na kupanga ni mambo mawili. Kupima humwonyesha mtoto mahali alipofika. Kupanga humwonyesha walio mbele yake tu, hata kama amepiga hatua kubwa kuliko wao.

Kwa hiyo, kabla ya kumshangilia aliye wa kwanza, na tuulize kwanza ni kitu gani kilichohesabiwa. Kwa maana kile tukihesabucho ndicho watoto watakachokikimbilia.