Habari za Kompyuta Kuukuu na Daftari la Wakulima

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wengine wameandika habari za ghala, za mizani na za barabara. Sisi wa chumba cha hesabu tumepewa nafasi ya kueleza habari za kompyuta moja kuukuu, ile ambayo wanachama wengi wameiona chini ya dirisha, imefunikwa gunia, wakauliza kwa nini haitupwi. Jawabu lake ni refu kidogo, wala halianzii hapa kwetu.

Chama Kikuu kilipoundwa, kilirithi kompyuta mbili kutoka kwa chama kimoja cha msingi kilichotutangulia. Ya kwanza ilikuwa seva, yaani kompyuta inayotunza faili kwa niaba ya nyingine. Ndani yake zilikuwamo kilo za kahawa za kila mkulima, mikopo ya mbolea na dawa, na malipo ya pili ya misimu kadhaa. Ya pili ilikuwa kompyuta ya karani. Hiyo haikuweka daftari lolote, bali ilisoma daftari la seva kwa njia ya waya. Diski ya kompyuta ya karani ilikufa kabla hatujaipokea. Na seva ya namna ile haimfungulii mtu daftari katika kioo chake chenyewe. Kioo chake ni cha amri za mtunzaji tu. Basi daftari lilikuwapo, zima kabisa, na hapakuwa na mtu awezaye kulisoma. Wakati huohuo wazee walikuwa wakifika ofisini na stakabadhi zilizofifia wino, wakidai malipo ya pili ambayo walisema hawakupewa. Hatukuwa na la kuwajibu, si ndiyo, wala si hapana.

Ili msomaji afahamu tulichokifanya, yafaa kwanza aelezwe jinsi kompyuta zilivyoanza kusemezana.

Mwezi Mei mwaka 1973, huko California, Marekani, katika maabara ya kampuni ya Xerox, Robert Metcalfe aliandika waraka wa kueleza mtandao alioupa jina la Ethernet, naye akaujenga pamoja na mwenziwe David Boggs. Wazo lake lilikuwa jepesi: kompyuta zote hushika waya mmoja, kila moja husikiliza kwanza, na ikiwa pana kimya ndipo hutuma neno lake. Mbili zikisema kwa pamoja, zote hunyamaza, hungoja kitambo kidogo, kisha hujaribu tena. (Twajua mikutano ambayo ingefaidika na kanuni hiyo.) Mwaka 1980 kampuni za Digital, Intel na Xerox zilitoa kanuni hizo kwa maandishi ili kila fundi apate kutengeneza vyombo vinavyopatana. Sisi huku tulikuwa katika hali nyingine, kwa kuwa mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini.

Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta ndogo ya mezani. Mashine ile ilikusudiwa mtu mmoja. Programu yake kuu, iitwayo DOS, ilizijua diski zilizomo tumboni mwake tu, wala haikuwa na habari ya jirani. Lakini diski kubwa zilikuwa ghali mno siku zile, na ofisi zilitamani diski moja itumike na makarani kumi. Hapo ndipo kampuni ya Novell ya jimbo la Utah ilipopata soko. Mwaka 1983 ilitoa NetWare, programu ya seva, na pamoja nayo programu ndogo ya kuwekwa katika kompyuta ya kila karani. Hiyo ndogo ndiyo huitwa programu ya mteja. Kazi yake ni kama ya mtu aliyeketi mlangoni mwa DOS: karani akiomba faili iliyomo katika diski ya nyumbani, humwacha apite, akiomba faili ya diski F, ambayo kwa hakika haimo ndani ya mashine ile, huipokea barua yake, huipeleka kwa waya hadi kwa seva, na kurudi na jawabu. Karani haoni tofauti. Hudhani diski F iko mbele yake.

Lakini programu ya mteja haiwezi kuushika waya kwa mkono wake. Hutegemea kadi ya mtandao, na kila kiwanda kilitengeneza kadi kwa namna yake. Kwa hiyo pana programu nyingine tena katikati, iitwayo draiva, ambayo huijua kadi ya aina moja tu na kuiamrisha. Hapo mwanzo draiva ya Novell iliunganishwa pamoja na programu ya mawasiliano katika faili moja. Ofisi ikibadili kadi, au hata namba moja ya kadi, fundi alilazimika kuitengeneza faili ile upya. Ilipokaribia mwaka 1990, mafundi walichoka. Novell na Apple walikubaliana juu ya utaratibu ulioitwa ODI, ambao uliitenga draiva na programu zilizo juu yake. Microsoft na 3Com walikuwa na wao, NDIS. Na kampuni ya FTP Software ilikwisha kuandika wa tatu, mwepesi kuliko yote, na kuutoa wazi kwa kila mtu. Taratibu tatu kwa kazi moja! Yatukumbusha kijiji chenye wanunuzi watatu, kila mmoja na mizani yake. Hata hivyo tusingekuwa na taratibu hizo, habari hii isingeandikwa.

Sasa turudi chumbani mwetu. Tuliipatia kompyuta ya karani diski nyingine na kadi iliyo nakala ya NE2000, kadi ya Novell iliyoigwa na viwanda vingi. Kadi ya zamani haijitambulishi yenyewe. Hapana budi ipewe namba mbili kwa kuhamisha vibanio vidogo vilivyo juu yake: moja ya mlango ambamo kompyuta huwekeana nayo maneno, na moja ya kuishtua kompyuta kila neno jipya lifikapo. Yetu ilitoka kiwandani na 300 na 3. Namba 3 ilikuwa tayari ni ya mlango wa pili wa nyuma, uliokuwa wa modemu, na viwili hivyo havikuweza kushirikiana. Kompyuta iliganda kila ilipowashwa. Siku mbili zilipita kabla hatujahamisha kibanio kwenda 5.

Kisha tukaziita programu kwa utaratibu wao: LSL, ambayo ni msingi, draiva NE2000, IPXODI, inayojua lugha ya Novell, na mwisho NETX, programu ya mteja. Mpangilio ukigeuzwa, hakuna kitu. Tulizipanga vema, waya ulikuwa mzima, na vizuizi vya ohm 50 vilikuwapo katika ncha zake mbili. Jawabu lililotokea katika kioo lilisema kwamba seva haikuonekana.

Hapo tulikaa majuma matatu, na hatuoni haya kusema kwamba kosa lilikuwa letu. Tulibadili waya. Tulibadili kadi. Tuliilaumu seva. Kumbe seva ilikuwa ya NetWare 3.11, ya mwaka 1991, na programu za mteja tulizozipata zilikuwa za baadaye. Mwaka 1993, ilipotoka 3.12, Novell ilibadili namna ya kufunga bahasha za maneno yake katika waya: zamani ilikuwa ile iitwayo 802.3, sasa ikawa 802.2. Kompyuta ya karani ilikuwa ikiita kwa bahasha mpya, seva ikisikiliza za zamani. Kila moja ilizitupa barua za mwenzake kama takataka, wala haikutoa lawama. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja katika faili ya NET.CFG: FRAME ETHERNET_802.3. Tuliuandika saa kumi jioni. Herufi F ikatokea.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Tulinakili daftari lote katika diski ya karani. Disketi za kulihamishia zilikuwa zimeota ukungu, kwa hiyo tuliiwasha kompyuta bila programu za Novell, tukaweka ile draiva nyepesi ya utaratibu wa FTP Software, na juu yake mTCP, programu ya siku hizi iliyoandikwa kwa ajili ya DOS. Kadi ilikuwa na tundu la pili la waya wa kisasa, na swichi yetu bado inakubali mwendo wa zamani. Daftari likaingia katika kompyuta mpya ya Chama Kikuu kabla chai haijapoa.

Tulilichapa na kulileta mbele ya Halmashauri. Baadhi ya wazee walikuwa na haki kamili: kilo zilikuwamo, malipo ya pili hayakuwamo. Wengine walikwisha kulipwa. Na wachache, miongoni mwao wakiwamo waliodai kwa sauti kubwa kuliko wote, walionekana wana deni la mbolea. Halmashauri ililipokea daftari kama lilivyo, la kulipa na la kudai.

Kompyuta ile bado iko chini ya dirisha, kwa kuwa seva ya zamani ingali hai na kuna faili za msimu mmoja ambazo hazijakaguliwa. Ubavuni mwake tumebandika karatasi yenye namba tatu: 300, 5, 802.3. Tafadhali isibanduliwe.