Seli shina: jina lililoutangulia ushahidi

Haya wasomaji wangu, leo tuweke siasa pembeni kidogo tuzungumze historia ya sayansi. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Mimi nina kisa cha jina lililong'ara sana hadi watu wakasahau kuuliza kuna nini ndani yake. Jina lenyewe ni "seli shina za mesenkima". Najua limekaa kidaktari, lakini vumilia, maana kuna watu wamepoteza macho kwa sababu yake. Sitanii.

Kwanza maana. Seli shina ni seli inayoweza kujizalisha yenyewe na pia kuzaa seli za aina nyingine, kama shina la mti linavyotoa matawi. Mesenkima ni tishu laini ya mimba changa, ambayo baadaye hutoa mifupa, gegedu na tishu nyingine za kuunganisha viungo. Unganisha majina hayo mawili upate ahadi kubwa: kwamba ndani ya mtu mzima kuna seli inayoweza kumjenga upya. Je, nani alitoa ahadi hiyo, na ilitimia?

Twende Moscow, miaka ya 1960. Katika Taasisi ya Gamaleya (naam, hiyo hiyo iliyotengeneza chanjo ya Sputnik V mwaka 2020) kulikuwa na mtafiti aitwaye Alexander Friedenstein. Watu wengi waliochunguza uboho wa mifupa walikuwa wakifuata damu, kwa sababu uboho ndio kiwanda cha damu. Friedenstein alivutiwa na seli zile nyingine, zinazolishikilia jengo la kiwanda chenyewe. Alichukua uboho wa simbilisi, akauweka kwenye chupa ya maabara, kisha akasuuza. Seli za damu zikaondoka na maji. Chache sana zikang'ang'ania chini ya chupa, zikaanza kuzaliana, kila moja ikiunda kundi lake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1970.

Kabla ya hapo, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1966 na 1968, yeye na wenzake walikuwa wamepandikiza uboho katika sehemu za mwili wa mnyama zisizo na mfupa. Mfupa ukaota! Tena ilionekana kwamba mfupa ulitokana na mnyama aliyetoa uboho, ila damu iliyotengenezwa ndani yake ilikuwa ya mnyama aliyepandikizwa. Yaani mgeni alijenga nyumba, mwenyeji akahamia. Mwaka 1988 Friedenstein na Maureen Owen wa Oxford waliziita "seli shina za stroma", stroma ikiwa ni ile tishu ya kuegemeza. Ahadi yao ilikuwa na mipaka: seli hizi ni za ukoo wa mifupa. Basi.

Sasa tuvuke bahari hadi Cleveland, Marekani. Arnold Caplan alikuwa ametumia miaka mingi akichunguza jinsi miguu na mabawa ya vifaranga yanavyoumbika ndani ya yai. Mwaka 1991 alichapisha makala yenye kichwa kifupi tu: seli shina za mesenkima. Wazo lake lilikuwa zuri: uzitoe seli kwa mgonjwa, uzizidishe maabara, umrudishie zimtengeneze palipoharibika. Akashiriki kuanzisha kampuni ya kuifanya biashara, wakaiita Osiris, jina la yule mungu wa Misri ya kale ambaye katika hekaya alikatwa vipande kisha akaunganishwa tena. Mwaka 1999 watafiti wa kampuni hiyo na wenzao walionyesha katika jarida la Science kwamba seli hizi kutoka kwa binadamu zinaweza kugeuka mfupa, gegedu na mafuta.

Halafu siasa ikaingia. Agosti 2001 Rais Bush alibana fedha za serikali kwa utafiti wa seli shina zinazotokana na kiinitete. Seli za uboho hazikuwa na ugomvi huo wa kidini. Mwaka huo huo watafiti wa Los Angeles wakatangaza kwamba seli za jamii hiyo zinapatikana hata kwenye mafuta yanayonyonywa kwa wanaopunguza unene. Nani asingependa? Zikaanza kutajwa kuwa zitatibu moyo, ini, hata mishipa ya fahamu. Ule mpaka wa Moscow ukasahaulika.

Mwaka 2004 madaktari wa Stockholm, wakiongozwa na Katarina Le Blanc, waliripoti habari ya mtoto wa miaka 9. Alikuwa amepandikizwa seli za damu za mtu mwingine, nazo zikamgeuka na kushambulia utumbo na ini lake. Dawa zilishindwa. Wakampa seli za stroma kutoka kwenye uboho wa mama yake, akapata nafuu kubwa. Lakini angalia vizuri: kilichoonekana pale hakikuwa seli kugeuka utumbo mpya. Zilituliza kinga iliyokuwa imepandwa na hasira. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba nyingi ya seli hizi zikiingizwa kwenye mshipa hazidumu. Hutuma ishara zao, kisha hufa.

Kwa hiyo wanasayansi wenyewe walishtuka mapema. Mwaka 2005 jumuiya ya kimataifa ya tiba ya seli ilishauri neno "shina" liondolewe, liwekwe "stroma", mpaka mtu athibitishe kwamba seli alizo nazo kweli ni shina. Ila kwa Kiingereza maneno yote mawili yanaanza na herufi ileile, kwa hiyo kifupi kilibaki MSC. Mtaani hakuna aliyegundua kitu.

Waandishi wenzangu, hapa ndipo tunapohusika. Nchini Italia Davide Vannoni, mtu ambaye hakuwa daktari, alidai anaweza kuzigeuza seli hizi kuwa za mishipa ya fahamu na kuwatibu watoto wenye magonjwa yasiyo na dawa. Mwaka 2013 kipindi cha televisheni cha Le Iene kiliwaonyesha watoto hao, nchi ikalia, watu wakaandamana. Bunge likaruhusu majaribio na kutenga euro milioni 3. Wanasayansi Paolo Bianco, Elena Cattaneo na Michele De Luca walisimama kusema hakuna ushahidi, wakaonekana hawana huruma. Wataalamu walioteuliwa na serikali walipoupitia mpango huo waliukataa. Mwaka 2015 Vannoni alimaliza kesi kwa makubaliano na waendesha mashtaka, na kifungo chake kikaahirishwa. Machozi ya wazazi yalikuwa ya kweli. Tiba ndiyo haikuwepo.

Marekani nayo haikusalimika. Utafiti wa mwaka 2016 ulihesabu kliniki 570 zilizojitangaza kuuza tiba za seli shina. Mwaka 2017 madaktari waliripoti wanawake watatu waliodungwa machoni, kwenye kliniki moja ya Florida, seli zilizotolewa kwenye mafuta yao wenyewe. Walienda wakiona, wakarudi na upofu au karibu nao. Mwaka huo huo Caplan, yule yule aliyelipa jina umaarufu, aliandika kwamba wakati umefika wa kulibadilisha, kwa sababu linawapotosha wagonjwa. Alipendekeza ziitwe seli za kutuma ishara za tiba. Jina lilikuwa limeshatoroka. Na goti je? Jaribio lililochapishwa mwaka 2023, lenye wagonjwa wapatao 475, lilionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja sindano za seli hazikuizidi sindano ya kawaida ya steroidi.

Msije mkadhani nasema yote ni uongo. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kwa mara ya kwanza dawa ya seli hizi. Ni kwa watoto waliopandikizwa na kugeukwa kama yule wa Stockholm, pale steroidi zinaposhindwa. Dawa hiyo ilifeli majaribio makubwa mwaka 2009, Kanada ikaikubali kwa watoto mwaka 2012, FDA ikaikataa mwaka 2020 na 2023. Ushahidi ulitembea polepole, ukafika kwenye ugonjwa mmoja. Jina lilifika kwenye magonjwa yote siku ya kwanza.

Nayaandika haya kwa sababu jina hilo limeshatufikia. Huku kwetu zinauzwa paketi za unga wa kulamba, eti za "seli shina" za matunda, kwa ajili ya kisukari, presha na hata kansa. Unga wa tunda hauna seli ya binadamu hata moja. Akikuletea mtu, rafiki au shangazi, muulize: seli za nani, zimejaribiwa kwa wagonjwa wangapi, na kwa ugonjwa gani hasa? Ukiwa mwandishi, uliza kabla hujawasha kamera. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sijui wenzangu mnaonaje.