Yentua: Ghana Ilipokataa Kulipa

Katika madarasa yetu ya itikadi swali hili halikosi kuulizwa: je, kiongozi wa nchi maskini akatae kulipa deni la taifa? Wanafunzi wengi hujibu papo hapo kwamba akatae, kwa sababu deni ni mnyororo wa ubeberu. Sisi hatupingi kwamba ni mnyororo. Tunachopinga ni kujibu papo hapo. Ipo nchi ya Afrika iliyolitamka neno hilo hadharani, na makada wengi wanaijua juu juu tu.

Deni la Ghana lilitokana zaidi na mikopo ya wauzaji. Serikali ya Nkrumah ilitaka viwanda haraka. Makampuni ya Ulaya yakaleta mitambo kwa mkopo wa miaka michache, huku serikali za nchi zao zikiyawekea bima. Kampuni yenye bima haina haja ya kujiuliza kama kiwanda kitazalisha chochote. Bei zikapandishwa, rushwa ikapita. Nkrumah alipopinduliwa Februari 24, 1966, waliomrithi waliwaendea wadai kuomba nafuu, mwaka 1966, 1968 na 1970. Kila mara malipo yalisogezwa mbele, na kila mara riba iliongezwa kwa sababu ya kule kusogezwa. Hiyo ndiyo iliyoitwa nafuu! Desemba 1971 Waziri Mkuu Busia alishusha thamani ya sedi kwa zaidi ya asilimia 40, na Januari 13, 1972 Kanali Acheampong akampindua.

Februari 5 Acheampong alitangaza msimamo ambao wananchi waliuita kwa neno moja la Kiakan: Yentua, yaani hatulipi. Lakini tuangalie alichokikataa hasa. Alikana takriban dola milioni 94 za Marekani zilizodaiwa na makampuni manne ya Uingereza, kwa hoja kwamba mikataba yake ilichafuliwa na rushwa. Alikataa pia riba iliyozaliwa na mikutano ile ya nafuu. Kuhusu mikopo mingine ya wauzaji, alimtaka mdai mwenyewe athibitishe kwamba mkataba ulikuwa halali na mradi ulikuwa na manufaa. Mikopo ya muda mrefu aliahidi kuilipa. Alilipeta deni kama mpunga, akatenga chuya na mchele. Wanaosimulia Yentua kama kelele za mwanajeshi aliyelewa madaraka hawakuisoma hotuba.

Wadai walijibu kwa kusimamisha bima ya mikopo, na Ghana ikalazimika kununua bidhaa za nje kwa fedha taslimu. Nchi nyingine ingekwama hapo. Ghana ilinusurika kwa sababu bei ya kakao ilipanda mwaka 1973 na 1974, na kwa sababu umma uliitikia: mwaka 1972 wanafunzi wa vyuo vikuu walikwenda kuvuna miwa Komenda na Asutsuare, na kampeni ya taifa kujilisha lenyewe ilianza mwaka huohuo. Machi 1974, mjini Rome, wadai walikubali deni lilipwe kwa miaka 28, miaka 11 ya mwanzo ikiwa ya mapumziko, kwa riba ya asilimia 2.5. Busia aliyeomba kwa adabu zote hakupata masharti kama hayo.

Je, ushindi huo uliishia wapi? Uliishia katika leseni za kuagiza bidhaa. Maofisa wa jeshi na rafiki zao walizigawa kwa vikaratasi, anayepata akaziuza, na bidhaa zikauzwa kwa bei ya kuruka, jambo lililoitwa kalabule huko na ulanguzi kwetu. Mkulima wa kakao alilipwa fedha isiyonunua sabuni, akavusha magunia yake kwenda Togo na Ivory Coast. Mavuno yaliyopita tani 500,000 msimu wa 1964/65 yalikuwa karibu tani 160,000 tu msimu wa 1983/84. Mwaka 1977 mfumuko wa bei ulipita asilimia 100, na wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana dhidi ya Acheampong. Wanajeshi wenzake walimwondoa Julai 1978. Juni 1979 alipigwa risasi. Mwaka 1983 serikali ya Rawlings, iliyojiita ya mapinduzi, ilikubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa.

Mabepari husema anguko hilo lathibitisha kwamba deni lazima lilipwe. Wanachanganya tarehe. Uamuzi wa 1972 ulizaa mapatano ya 1974. Uchumi ulibomolewa na waliokuwa wakitia saini leseni, wala wakulima na wafanyakazi hawakuwa na chombo cha kuwakagua. Deni lilikataliwa kwa jina lao, akiba yake ikaliwa na wengine.

Nasi hatuko mbali na jambo hili. Mwalimu Nyerere aliuliza kama ni lazima tuwaache watoto wetu wafe njaa ili tulipe madeni. Agosti 1986 nchi yetu ilitiliana saini na Shirika hilohilo. Ghana yenyewe ilisimamisha tena malipo ya sehemu kubwa ya madeni ya nje Desemba 2022, ikiwa tayari imekwenda kwa Shirika kuomba mkopo.

Kwa hiyo sasa, kabla ya mjadala, tunawataka wanafunzi waandike majibu ya maswali haya. Nchi ina mafuta na dawa za miezi mingapi kama itanunua kwa taslimu? Ni mikataba ipi imechunguzwa, na nani aliichunguza? Leseni zitatolewa na nani, na mkutano gani wa wananchi utasomewa orodha ya waliozipata? Swali la mwisho ndilo ambalo karatasi nyingi hurudi likiwa tupu.