Kibao cha Bei Poa: Historia ya Pikoboli na Vipimo Unavyoweza Kufanya Mwenyewe Buguruni

Tuseme umeshuka daladala Buguruni, umepita kwenye mafungu ya nyanya na meza za mitumba, halafu macho yakatua kwenye kibao cha kuchezea mpira kilichoning'inizwa kwenye kamba. Kina rangi ya bahari, kina michoro, mpini umezungushiwa utepe mweusi. Bei poa. Muuzaji anakuambia, "Hicho cha pikoboli, dada yangu, mchezo wa kisasa." Unakishika. Kizuri kweli. Sasa utajuaje kama kinapiga mpira vizuri, au kinapendeza tu?

Kabla hujatoa hela, twende kwanza kwenye historia. Ina jambo ambalo muuzaji wa vibao vya bei ghali hatakuambia.

Mchezo uliozaliwa kwa kukosa vifaa

Pikoboli ilianza mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, ng'ambo ya jiji la Seattle, Marekani. Joel Pritchard, aliyekuwa mbunge katika bunge la jimbo la Washington, na rafiki yake Bill Bell walirudi nyumbani wakakuta familia zimekaa bila la kufanya. Uwanja wa badmintoni ulikuwepo, lakini vifaa kamili havikupatikana. Basi wakachukua vibao vya mpira wa meza na mpira wa plastiki wenye matundu, wakaanza kucheza. Wavu wa badmintoni una kimo cha sentimita 152. Wakaushusha mpaka karibu sentimita 91.

Vibao vya mpira wa meza havikuifaa kazi hiyo. Hapo akaingia rafiki yao mwingine, Barney McCallum, aliyekata vibao vikubwa zaidi kutoka kwenye plaiwudi kwa msumeno wa mashine aliokuwa nao nyumbani. Ndo hivyo tu. Kifaa cha mchezo huu ambao leo una vibao vya mamia ya dola kilianza kama kipande cha ubao na ujanja wa mtu wa mtaani.

Wewe uliyecheza chandimu kwa mpira wa makaratasi unaielewa hadithi hii bila kufafanuliwa. Hakuna aliyewahi kukuambia kwamba ile haikuwa soka.

Kibao kikibadilika, sheria hufuata

Jambo hili lilishatokea kwenye mpira wa meza. Mwaka 1952, kwenye mashindano ya dunia mjini Bombay, Mjapani Hiroji Satoh alikuja na kibao kilichofunikwa sponji nene. Wapinzani wake walizoea kusikia mlio wa mpira ukigonga kibao na kukisia umepigwa kwa nguvu kiasi gani. Sponji ikaumeza mlio, na mpira ukatoka kwa namna wasiyoizoea. Satoh akawa bingwa wa dunia. Mwaka 1959 shirikisho la kimataifa likaweka kanuni za unene wa mpira na sponji kwenye vibao.

Kwa upande wa pikoboli, zamu ilifika mwaka 1984. Arlen Paranto, mhandisi wa kampuni ya ndege ya Boeing, alitengeneza kibao kwa paneli nyepesi zinazotumika kwenye sakafu za ndege. Ndani ya paneli hizo kuna vyumba vidogo vya pembe sita, kama sega la nyuki. Juu na chini kuna ngozi ngumu.

Kwa nini sega? Chukua boksi la sabuni pale sokoni, lichane ukingoni uone. Kuna karatasi mbili, na katikati mawimbi ya karatasi na hewa tupu. Karatasi moja peke yake inajikunja kwa kidole, lakini ukuta wa boksi unakataa. Ugumu wa kitu bapa dhidi ya kupinda hukua kwa kipeo cha tatu cha unene wake: ukiongeza unene mara mbili, ugumu unaongezeka mara nane. Sega linakupa unene huo bila kukubebesha uzito.

Sasa linganisha na ubao. Kibao cha kawaida kina eneo la karibu sentimita za mraba 560, pamoja na mpini. Ukikikata kwenye plaiwudi ya milimita 9, ujazo wake ni karibu sentimita za ujazo 500. Kama plaiwudi hiyo ina gramu 0.6 kwa kila sentimita ya ujazo, unapata karibu gramu 300. Vibao vingi vya sega viko kati ya gramu 210 na 240. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mkono utaisikia baada ya nusu saa.

Vipimo vyenyewe

Turudi Buguruni. Kibao bado kiko mkononi mwako.

Kwanza, uzito. Muombe muuza nyanya mwenye mzani wa dijitali akupimie. Sheria haziweki kikomo cha uzito, hivyo hapa unalinda kiwiko chako tu. Kikipita gramu 250, tegemea kuchoka mapema.

Pili, vipimo vya urefu. Kwa sheria za mashindano ya Marekani, urefu usizidi sentimita 43, na urefu ukijumlishwa na upana usizidi 61. Kwa kucheza uani hakuna atakayekushtaki, ila ni vizuri ujue.

Tatu, gonga. Unavyogonga tikiti maji kabla ya kununua, gonga kibao kwa kifundo cha kidole kuanzia katikati kwenda pembeni. Mlio ukibadilika ghafla sehemu moja, ukawa wa mtu mwenye mafua, huenda ngozi imeachana na sega. Njia ya pili ni kuweka ncha za vidole upande wa nyuma na kuhisi mtetemo. Njia hii haihitaji masikio, na mwanafunzi wa Buguruni Viziwi anaweza kukupimia kibao sawasawa na mtu yeyote, pengine kukushinda.

Nne, mdundo. Anza na mpira peke yake. Kanuni zinasema mpira ukiangushwa kutoka sentimita 198 juu ya jiwe la graniti, udunde kati ya sentimita 76 na 86. Kwa uwiano huo, ukiuangusha kutoka mita 1 kwenye sakafu ngumu ya saruji, tarajia karibu sentimita 38 hadi 44. Gawanya kimo cha mdundo kwa kimo cha kuangusha, kisha tafuta kipeuo cha pili. Utapata karibu 0.62 hadi 0.66. Maana yake, mpira unaondoka na asilimia 62 hadi 66 ya kasi uliyojia nayo.

Sasa laza kibao sakafuni, mtu akikanyage mpini kwa upole, urudie katikati, juu, kushoto na kulia. Simamisha futi kamba pembeni na urekodi kwa simu, kwa sababu jicho peke yake hudanganya. Angusha mara tano kila sehemu, chukua wastani. Usihangaike kutafuta namba kubwa. Angalia kama namba zinakaribiana. Sehemu moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, hapo pamekufa, na mpira ukigonga hapo utakuangusha wavuni.

Maabara hufanya jambo la jamii hiyo kwa mashine: mpira unarushwa kwenye kibao na kasi ya kurudi inapimwa. Chama cha pikoboli cha Marekani kilianza kutumia kipimo hicho mwaka 2024, maana vibao vilikuwa vinarusha mpira kwa kasi ya kutisha. Kwa hiyo hata huko juu, kibao "chenye nguvu" si lazima kiwe halali.

Tano, rangi. Rangi ya bahari haiongezi chochote kwenye mdundo. Pitisha kiganja tu: rangi iliyochanganywa na mchanga imekatazwa kwenye mashindano, kwa sababu inauzungusha mpira kupita kiasi.

Na kama bado ni ghali?

Nenda kwa fundi. Mafundi wa Keko wanakata makabati na vitanda kila siku, na kibao ni kazi ndogo kwao. Shiti moja ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8 ni sentimita 122 kwa 244. Ukigawa vipande vya sentimita 40 kwa 20, unapata 36, na nafasi ya msumeno inabaki. Vibao 36 vinatosha mtaa mzima kucheza kwa zamu. Chagua shiti ya milimita 6, ongeza unene kwenye mpini tu kwa kugandisha vipande viwili, piga msasa pembeni, na uzito utashuka mpaka jirani na vile vya sega.

Hakitakuwa na kasi ya paneli ya ndege. McCallum naye hakuwa nayo, na mchezo uliendelea kwa vibao vya mbao kwa karibu miaka 20 kabla ya Paranto.

Ukipima cha kwako, cha dukani au cha fundi, tuandikie wastani wa kila sehemu na unene wa ubao. Tutaziweka namba zenu pamoja, tuone Keko na kiwanda wanaachana kwa kiasi gani.